Neno la Kupanda na la Kushuka

Filomena alipoletwa Lumuma na mumewe Cleopa, mwaka sabini na tatu, wanawake walimzunguka kisimani wakamwomba aseme kidogo Kisandawe, lugha ya kwao Kondoa. Akasema. Walicheka mpaka ndoo zikamwagika.

"Jamani, anavunja karanga kwa ulimi!"

Tangu siku hiyo akaifungia lugha yake kinywani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, Kikaguru cha hapo kijijini hakukijua, na Cleopa alikuwa kibarua kwenye miwa huko Ruhembe, harudi ila mwisho wa mwezi. Siku nyingine ilipita nzima bila yeye kusema zaidi ya shikamoo kwa mama mkwe wake, Magreti, na kuitikiwa marahaba.

Hata Lazaro alipozaliwa alimlea kimyakimya. Mtoto alikuwa na miezi mitano siku maji ya kumwogeshea yalipomuunguza Filomena mkono, akaropoka neno la kwao. Lazaro akanyamaza, akageuka, akamkazia macho mdomoni.

Filomena akalirudia. Kwa Wasandawe, neno ukilipandisha sauti laweza kuwa jambo moja, ukilishusha likawa jingine kabisa. Akatandika mkeka nyuma ya nyumba. Akawa analisema kwa sauti ya kushuka, tena na tena. Kisha analipandisha, na papo hapo anatikisa kibuyu cha mbegu kushoto kwa mtoto. Haikupita wiki mbili, Lazaro akawa anageukia kushoto neno likipanda tu, kabla kibuyu hakijalia. Akamjaribu kwa vidoko, zile sauti za kualisha ulimi zilizowachekesha wanawake kisimani, kile cha kwenye meno na kile cha ubavuni mwa ulimi. Navyo mtoto akavitofautisha.

Magreti akawakuta. "Mnacheza nini?"

"Anasikiliza, mama."

"Kitoto hiki kinasikia nini?"

"Kila kitu," alisema Filomena, na machozi yakamtoka. Kwa mara ya kwanza tangu aje Lumuma alikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Miezi miwili baadaye akaanza kukohoa. Hospitali ya Kilosa wakamwambia ni kifua kikuu: sindano kila siku, na mtoto abaki nyumbani. Alilazwa miezi mitano. Wodini alijifunika blanketi akamsemesha Lazaro ambaye hakuwepo. Mgonjwa wa kitanda cha pili akadhani anasali, akawa anamwitikia amina.

Aliporudi, Lazaro alikuwa amesimama, ameshika benchi. Alipomwona mama yake alijificha kwenye khanga ya bibi. Zikapita siku nne kabla hajakubali kupakatwa. Siku ya tano Filomena akatandika mkeka, akachukua kibuyu.

Akalishusha neno. Akalipandisha. Mtoto akatazama mbele. Akatikisa kibuyu, mtoto akageuka, akacheka. Akaanza upya. Asubuhi nzima Lazaro aligeukia kibuyu tu. Vidoko alivisikiliza kama mtu anayesikiliza kuku wakidonoa. Lakini Magreti alipoita toka jikoni, "Lazaro, uji!", akatoka mkekani na kutambaa mbio.

Filomena alibaki ameketi, kibuyu mapajani. Magreti akatoka, akakaa kando yake, jambo asilolizoea.

"Ulipoondoka alikuwa anageuzageuza kichwa, anakutafuta kwa masikio," alisema. "Nikajaribu kukuiga. Nikapiga ulimi hivi, na hivi. Akazidi kulia. Basi nikamwimbia ya kwetu. Unisamehe."

"Hukukosa, mama. Ungefanyaje?" Kisha akasema, "Nataka nimpeleke kwetu, wakamsemeshe wengi."

"Na ikiwa amekwisha kusahau?"

"Sijui, mama. Lakini nikikaa hapa nitakuwa nazungumza na ukuta."

Wiki ile akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba barua ya safari.

"Sababu ya safari?" aliuliza mwenyekiti, kalamu mkononi.

Filomena alitafuta Kiswahili cha kumweleza, hakukipata. "Kusalimia," alisema.

Akaandikiwa wiki sita. Alfajiri ya kuondoka Magreti alimfunga Lazaro mgongoni kwa mama yake, akakaza fundo mara mbili.

"Mrudishe kabla ya palizi," alisema. "Nami nitamkosa."

Filomena akashika njia ya stesheni. Kijiji kilipobaki nyuma, akaanza kusema kwa sauti, akipandisha na kushusha. Mgongoni mtoto alikuwa kimya. Filomena hakujua kama amelala au anasikiliza.