Mama Yake Kaleb

Kaleb hakuwa na dogo. Mtu akifunga fundo vibaya alitolewa uvivu mbele ya wenzake, na akijitetea alitolewa mara ya pili. Watu waliokuja kambini kwake, kwenye kibanda cha mbao mdomoni mwa ghuba, walijua kabisa kwamba wanakuja kusemwa. Walijua pia kwamba aliyesemwa na Kaleb kwa juma zima, mwezi wa Machi barafu ikiwa bado nene, hurudi kwao akijua kuendesha mbwa. Mwaka ule walikuja watatu, kila mmoja na mbwa wake. Wawili walipewa vidonge vyao tangu asubuhi ya kwanza. Wa tatu, Tabea, hakuambiwa hata neno moja baya, na ni yeye aliyekuwa na haja nalo kuliko wote.

Haja yenyewe ilikuwa hii. Baba yake, Zakarias, nyonga zilikuwa zimemwishia, hapandi tena sleji, kile chombo cha kuburutwa na mbwa juu ya barafu. Mbwa wake walibaki mikononi mwa kaka yake Tabea, Enok, na Enok alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha samaki huko kusini, ambako mbwa wa sleji hawaruhusiwi. Mbwa asiye na wa kumwendesha hafugwi kwa huruma. Anakula bure, anachacha kwa hasira kwenye mnyororo, na mwisho wake ni risasi. Enok hakuwa katili. Alimwambia dada yake waziwazi kwamba Jumamosi atakuja kambini na bunduki. Akikuta anawamudu, mbwa ni wake, akikuta hawamudu, atawamaliza mwenyewe, kwa kuwa hataki mkono wa mgeni uwafanyie hivyo. Tabea alikuwa amewalisha mbwa wale tangu hawajafumbua macho. Lakini kulisha ni kazi moja na kuendesha ni nyingine, naye alilijua hilo. Akakubali.

Ukimya wa Kaleb ulikuwa na sababu, na pale kambini hakuna aliyeiona ya ajabu. Mama yake Kaleb aliitwa Tabea. Alipofariki, mtoto wa kike wa kwanza kuzaliwa kijijini baada ya mazishi alipewa jina lake, na kwao jina likishatolewa, mwenye jina amerudi, hilo halina mjadala. Kaleb, wakati huo kijana mwenye masharubu mapya, alikwenda kukiamkia kichanga, akakiita mama, akakiletea pakiti ya kahawa kwa sababu marehemu bila kahawa asubuhi alikuwa hasemezeki. Akaendelea kuleta kahawa kila mwaka siku ile ile, mama mwenyewe hajaota hata jino. Akiua sili wa kwanza wa majira, ini lilikwenda kwa mama. Sasa mama huyo alikuwa mwanamke mzima mwenye vifundo vya mikono vilivyopasuka kwa baridi, na bado hakaripiwi. Ukimkaripia mwenye jina umemkaripia marehemu, na marehemu akikasirika huenda akaondoka tena.

Kwa hiyo mambo yalikwenda hivi. Mbwa hawa hawafungwi wawili wawili kwenye mstari. Kila mmoja ana kamba yake, na kamba zote hukutana kwenye kitanzi kimoja mbele ya sleji. Wakikimbia hubadilishana nafasi, huyu anamruka yule, na baada ya mwendo kamba zinakuwa zimesukana kama nywele. Hapo lazima usimame, ufungue kitanzi, ufumue msuko kwa vidole visivyo na glavu, ufunge tena, uondoke. Aputsiaq, kijana mrefu mcheshi wa kutoka kijiji cha pili, alipofumua ovyo aliulizwa na Kaleb kama vidole vile ni vyake au ameviazima kwa jirani. Tabea alipofumua ovyo zaidi, Kaleb alipiga magoti akamalizia mwenyewe. “Acha, mama,” alisema, “mikono yako itapata baridi.”

Aputsiaq hakuacha kumchokoza. Kila asubuhi aliinama mlangoni mwa kibanda na kumwambia, “Shikamoo, mama wa mwalimu. Tuombee na sisi kwa mwanao, leo atuonee huruma.” Tabea alicheka na wenzake, lakini usiku alilala akihesabu makosa yake na hakupata hata moja, na hilo lilimtisha. Mtu anayejifunza jambo gumu hawezi kukosa kosa.

Ijumaa, siku moja kabla Enok hajafika, Kaleb aliwatuma waende mmoja mmoja mpaka kwenye mlima wa barafu uliogandia katikati ya ghuba, kisha warudi. Yeye aliwafuata kwa mbali na mbwa wake. Tabea alikwenda vizuri. Singarnaq, kiongozi wa kundi, dume la rangi ya mchanga mwenye sikio lililochanika, alivuta kwa moyo, na madume mawili machanga yaliyokuwa yakijifunza kazi msimu ule yalimwiga. Karibu na mlima wa barafu kamba zilikuwa zimesukana hasa. Tabea akasimamisha sleji, akavua glavu, akafungua kitanzi kama alivyofanya juma zima.

Kunguru mmoja akaruka kutoka juu ya barafu. Singarnaq akaruka naye, na wote wakamfuata.

Kamba zilimpita Tabea viganjani zikamchuna ngozi. Akabaki na sleji iliyosimama peke yake na glavu zake mbili juu ya barafu, akiwatazama mbwa wa baba yake wakienda kwa kasi kuelekea nje, kule barafu inakoishia kwenye maji. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kaleb alimpita, mbwa wake wakinyoosha migongo, akatoweka nyuma ya mlima wa barafu. Tabea alikaa juu ya sleji. Alikuwa na hakika kwamba ameshawaua, tena bila bunduki ya Enok.

Kaleb alirudi nao jua likiwa limeshuka. Wote walikuwa hai, ila dume moja changa lilinaswa kwenye msuko likaburutwa na wenzake. Lilichechemea, na paja lilikuwa limechubuka vibaya.

“Si neno, mama,” Kaleb alisema, akimkabidhi kamba. “Mbwa wa Zakarias vichwa vigumu. Ndivyo walivyo.”

Tabea hakupokea. “Nimekosea nini?”

“Hukukosea.”

“Kaleb. Nilipofungua kitanzi, mbwa walikuwa wamelala au wamesimama?”

Kaleb akavuta kofia chini, akaipandisha tena. “Wamesimama.”

“Na jana?”

“Jana pia. Na juzi. Mimi nilikuwa nakuja kusimama mbele yao na mjeledi, wanalala. Wewe ulikuwa umeinamia kamba, hukuona.”

“Na ukanyamaza.”

“Sasa ningefanyaje?” Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebanwa pembeni. “Nani anamkaripia mama yake?”

Hasira ilimpanda Tabea. Maneno ya kwanza yaliyomjia ni kwamba yeye si mama yake, ni binti wa Zakarias, ana kesho yake, na kesho hiyo inakuja na bunduki. Hakuyasema. Ingekuwa uongo, na ingekuwa tusi; kahawa ile alikuwa ameinywa miaka yote, na maini ya sili alikuwa ameyala. Alikaa vizuri juu ya sleji, akaweka mikono yake iliyochunika mapajani, akamtazama mzee yule mwenye masharubu meupe.

“Mwanangu,” alisema. Hakuwahi kumwita hivyo kabla. “Njoo hapa karibu.”

Kaleb akasogea.

“Nakutuma kazi. Kuanzia hapa mpaka kibandani, utaniambia kila nilichokosea tangu siku ya kwanza. Usinifiche hata kimoja. Ukinificha, nitajua umeacha kunitii.”

Kaleb alichezea mpini wa mjeledi. Kisha akaanza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma sala. Alisema mbwa hulazwa kwanza, wote, mpaka wa mwisho, ndipo kitanzi kifunguliwe. Alisema Tabea anaongea sana, mbwa wamechoka kumsikia. Alisema anasimama nyuma ya sleji kana kwamba anaogopa mbwa wa baba yake, na mbwa wanajua. Kufika nusu ya njia sauti ilikuwa imepanda. Alisema hata mafundo yake yana sura ya kitu kilichotapikwa. Tabea alikuwa akilia, na kila neno lilimtua mwilini kama chakula cha moto.

Jumamosi Enok alifika kabla ya saa sita kwa sleji na mbwa wa kuazima, bunduki imelazwa juu ya mizigo. Hakuingia kunywa chochote. Alisimama juu ya barafu mbele ya kibanda, akamwambia dada yake aendeshe.

Dume lililoumia liliachwa nyuma. Tabea alikwenda mpaka kamba ziliposukana, akageuza, akaja kusimama mahali ambapo Enok angeona vizuri. Aliamuru walale. Wote wakalala isipokuwa Singarnaq. Tabea hakusema tena. Alikwenda mbele, akateremsha mjeledi, akasimama mbele ya pua yake, akangoja. Kunguru walikuwa wakipiga kelele juu ya paa la kibanda. Singarnaq alimtazama, akatazama kunguru, akamtazama tena, akajilaza na kuweka kidevu juu ya miguu. Ndipo Tabea akarudi, akavua glavu, akafungua kitanzi. Dume changa lililobaki liliinua kichwa. Akalitaja jina mara moja, likakishusha. Alifumua msuko wote na mikono yake yenye vidonda, vidole vikamgeuka vyeupe, na hakuna mbwa aliyenyanyuka.

Enok alichukua bunduki, akatoa risasi, akazitia mfukoni. “Tangu Jumatatu sijalala,” alisema, hakumwambia mtu yeyote hasa, kisha akakaa juu ya sleji yake akafunika uso.

Kaleb hakuwa na muda wa kumbembeleza. Alikuwa ameshafika kwenye kitanzi cha Tabea, amekishika juu kwa vidole viwili, na alikuwa akipaza sauti kwamba fundo hili hata yatima asiyefundwa angeona haya kulifunga, kwamba afungue afunge upya, na glavu asiziweke upande wa upepo, amwambie mara ngapi.

Mke wa Kaleb, Regine, alikuwa akitoka na birika la kahawa na vikombe. Alisimama mlangoni, ameshtuka kweli. Aputsiaq nyuma yake aliacha kutafuna.

“Kaleb,” Regine alisema. “Unamsema nani hivyo? Si mama yako huyo?”

“Ndiye,” alisema Kaleb. “Kanituma mwenyewe.”

Akachukua kikombe cha kwanza mkononi mwa mkewe, akampelekea Tabea kwa mikono miwili, huku akiendelea kumsema.