Kamba Arobaini za Mama Watoto

Magari ya wafadhili yalikuwa yameshaanza kuteremka mlima, na daftari la Sentimita limo ndani ya gari la kwanza. Sentimita alikuwa mpimaji wa mto; miaka kumi na tisa alisoma nguzo yenye namba pale darajani kila asubuhi akaandika kina cha maji. Kwa daftari hilo wafadhili hao wa ng'ambo wangeamua kama watoe fedha za kumalizia bwawa la umeme, lililosimama nusu kwa miaka miwili.

"Basi, wageni wameridhika," alisema mkewe, akianika shuka. "Mimi wasiwasi wangu ulikuwa kamba tu."

Sentimita alipovunjika mguu, mkewe ndiye aliyekwenda darajani siku arobaini. Macho yake hayakuziona tena zile namba, kwa hiyo kila siku alifunga jiwe kwenye kamba, akaiteremsha, akaikata, akampelekea mumewe kitandani aipime kwa rula.

"Wasiwasi gani?"

"Mto unakauka, kamba zinazidi urefu! Nikasema mwisho nitafungua hata hii ya kuanikia nguo."

Sentimita akamgeukia. "Mama watoto. Jiwe ulikuwa unalishusha mpaka wapi?"

"Mpaka liguse maji. Ulitaka nilizamishe?"

"Mpaka chini kabisa, kisha unikatie kipande kilicholowa tu!"

"Hukusema chini. Ulisema 'nenda kapime,' ukageukia ukutani ukaendelea kuugua kama mfalme."

Kumbe alichoandika Sentimita si maji, ni hewa iliyo kati ya daraja na maji! Kiangazi kizima daftari lilisema mto unajaa. Akinyamaza, bwawa litajengewa maji yasiyokuwepo. Akisema, kazi yake yaweza kuota mbawa, na fedha za bwawa nazo zikaifuata.

"Kamba unazo bado?"

"Kamba nzima nzima nizitupe, nina wazimu?"

Wakakata njia ya mkato, yeye akichechemea, mkewe mbele na kikapu. Bahati yao, kwenye kizuizi cha mradi palikuwa na mlinzi aliyeandika namba za magari polepole kama anayezichora. Mhandisi wa wafadhili, mama wa kigeni aliyejifunza Kiswahili kwenye mabwawa, akashusha kioo.

"Mama mhandisi, kurasa arobaini humo si za kweli. Kosa langu, si lake."

"Letu," alisema mkewe. "Usijipe sifa peke yako."

Mhandisi akasikiliza kisa chote, akashuka, akazitandaza kamba juu ya boneti, moja moja, kwa tarehe. Kimo cha daraja kutoka sakafu ya mto alikijua. Akapima kila kamba, akaitoa kwenye kimo hicho.

"Maji haya hayazungushi mashine tatu za umeme zilizopangwa," alisema mwishowe. "Labda mbili. Mzee, kwa nini umekuja kuniambia?"

"Mto nimeusoma miaka kumi na tisa, mama. Siwezi kuusingizia."

Mkewe akamfuta jasho shingoni kwa ncha ya khanga, mbele ya watu wote, naye hakumzuia.

Fedha zilikuja baada ya miezi kumi na minne, za mashine mbili. Sentimita alipewa barua ya onyo, akastaafu mwaka uliofuata. Mkewe alitibiwa macho, moja lilipona. Mhandisi alihamishiwa mradi mwingine. Mlinzi aliacha kazi akafungua duka. Umeme ulifika nyumbani kwao mwaka wa nne.