Kinyama cha Muuza Nyama

Usiku wa jana niliota mkojo wangu ukiniamkia.

"Shikamoo, Mzee Semkiwa," ulisema kutoka ndani ya kikopo cha hospitali. Niliitika marahaba, maana salamu haikataliwi.

"Kumbe mkojo unaongea," nikasema.

"Usiniite hivyo mbele za watu. Mimi ni Haja Ndogo."

Nikamwomba radhi.

Tulikuwa buchani kwangu, Muheza, ila nyama zote zilikuwa zimeondoka. Kwenye ndoano lilining'inia koti jeupe, na ndani ya koti alikuwemo kisu changu mwenyewe, kavaa miwani ya Dokta Lukindo.

"Panda juu ya gogo," kisu ananiambia. "Leo tunakukata kinyama."

Hapa nieleze. Mwaka jana nilitolewa uvimbe wa saratani kwenye kibofu. Juzi Dokta Lukindo aliniambia kwamba ili kujua kama umerudi, huenda ikabidi akate kinyama akakipime, lakini kwanza nilete mkojo, kwani siku hizi alama za saratani husomeka hata humo. Habari ya mkojo sikuisikia. Nilisikia kinyama tu. Mimi nimekata nyama maisha yangu yote, sihitaji kuelezwa. Nikakiweka kikopo alichonipa dirishani, kitupu, na kumwambia mke wangu, Mwanatumu, kwamba siendi kokote. Kusema kweli niliogopa majibu kuliko kisu.

"Dokta alimaanisha kipande kidogo," anasema Haja Ndogo. "Wewe mteja akikuomba kinyama cha mchuzi, unamfanyia unyama?"

"Namkatia robo."

"Haya basi."

Kisu ananuna. Gogo linakuwa karai, bucha linakuwa kibofu changu: uwanja mdogo wenye chumba kimoja cha kupangisha, mlango umefungwa. Hapo ndipo alipokaa Uvimbe mwaka jana, bila kulipa kodi.

"Tuvunje mlango?" kisu anauliza kwa hamu.

"Ya nini? Mpangaji mchafu hujulikana kwa taka zake," anasema Haja Ndogo. "Kila kinachochakaa hukitupa nje, na anayepita uani kuzoa ni mimi."

Anaingiza mikono kwenye karai, mikono ambayo sijui kaitoa wapi, na kuopoa vijikaratasi vilivyolowa. Kila kimoja kina neno.

"Mwili wako wote umeandikwa NYAMA," ananiambia. "Uvimbe naye huandika, ila herufi zimempiga chenga. Mwaka jana kila taka yake ilisema NYANA."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kila asubuhi. Ukanimwagia maji."



Anaanza kusoma. Nyama. Nyama. Nyama. Nimeshika ukingo wa karai, namfikiria Mwanatumu akila futari peke yake na mimi sipo. Sitaki kumwacha. Nyama. Nyama. Kisu keshasinzia. Kikaratasi cha mwisho Haja Ndogo anakisogeza kwenye mwanga, anakigeuza, anakunja uso.

"Nyama," anasema. "Kimelowa tu."

Nililia kwa furaha. Haja Ndogo, kwa adabu zake, akatazama pembeni.

"Usinishukuru mapema. Mimi mzoa taka, msomaji hasa ni Dokta. Akiiona herufi mbovu atakata kinyama, nawe utavumilia. Asipoiona, utarudi kuuza maini. Nipeleke. Na usinifunge kwenye gazeti, mimi si utumbo."

Nikaamka. Nilikuwa kitandani, mkavu, alhamdulillahi. Pale dirishani kikopo kilikuwa kimejaa, kifuniko kimekazwa, bado kina joto. Hilo halikunishtua sana, kwani mtu huweza kwenda msalani nusu usingizi.

Mwanatumu aliingia na chai, uso umekunjamana.

"Baba Rukia, ndio ustaarabu gani huo? Mgeni unaongea naye chooni, halafu unamwacha aondoke bila hata kikombe cha chai? Na kijana mwenyewe ana heshima, kaniamkia shikamoo mlango ukiwa umefungwa."

Nilivaa shati la Ijumaa. Nikakichukua kikopo kwa mikono miwili.

"Hajaondoka," nikamwambia. "Vaa baibui, tunakwenda naye kwa daktari."