King'ora Kimeshalia

...maana nani aliyewafundisha kama si yeye, yeye na ndoo yake ya pumba, kila king'ora cha baruti kinapolia anamwaga pumba kule bwawani, kwenye shimo la zamani lililoisha chokaa, alikopanda matete na migunga kwa mikono yake, ili digidigi na kanga wauhame ukuta wa machimbo unaolipuliwa ng'ambo, na walivyozoea jamani, king'ora kikilia tu wanakuja mbio kama watoto waliosikia sahani, hata wakubwa wa kampuni wakaja kumpiga picha, hongera mama miti, kichwa kikamvimba, kumbe... kumbe leo ukuta ni huu, huu huu ulio juu ya bwawa, wamehamia asubuhi kwa sababu kule mawe yameingia udongo, naye akaja na ndoo yake kusimama hapa kwenye kizuizi cha njia, zamu yake ya kuangalia kama hakuna mtu kabla ya mlipuko, kwa mazoea tu, hajawaza, mpaka king'ora kilipolia na nyasi zikaanza kutikisika, yule digidigi jike mwenye sikio lililochanika mbele, mtoto wake nyuma, wanamtafuta yeye, Mungu wangu, wanaitafuta ndoo... "Dada, nipe salama," redio inakoroma mkononi, ni mdogo wake wa tumbo moja, fundi baruti, aliyekuwa akimcheka, dada utamwagilia mawe mpaka lini, kisha siku ya jani la kwanza akaja kulitazama kimya kimya, "Dada, wingu hilo, fanya haraka," na kweli wingu limeshuka, jeusi, radi inanguruma, mashimo yameshashindiliwa baruti, radi ikitangulia italipua yenyewe naye yuko pale juu na nyaya zake, na wifi asubuhi kasema huku anacheka, nirudishie mume wangu mzima, mzaha gani ule, akisema salama amewaua aliowaita mwenyewe, akinyamaza... na kuwafukuza hawafukuziki, wanamjua, watamfuata yeye tu, popote aendapo na ndoo watamfuata, basi, ndiyo hivyo, ashuke bwawani awatoe, watamfuata, "Dada! Kuna nini huko?" "Si salama. Toka kwenye hizo nyaya, toka sasa hivi, kuna mtu bwawani." "Mtu gani tena?" Radi ikapiga, karibu zaidi, wanyama hawakuinua hata vichwa, wamezoea ngurumo, nalo hilo kawafundisha yeye, "Ni mimi," akasema, na miguu yake ilikuwa bado haijatoka pale kwenye kizuizi.