Kipande cha Dakta Mahfudha

Kwa miaka ishirini watu walimuuliza Dakta Mahfudha swali lile lile: Mdigo wa Kwale na polisi wa Warusi, wapi na wapi? Aliulizwa alipokwenda kusoma Moscow. Akaulizwa tena Muungano wa Kisovieti ulipovunjika, naye akabaki kuchunguza jinsi polisi wa nchi zile wanavyowaandama wahamiaji. Mwaka huo wa 2008 aliomba kuongoza utafiti mkubwa wa mambo hayo, na jopo la kuchagua likamwita Dubai. Wakimkataa, alishaamua, angerudi Mombasa akafundishe sekondari. Subira ina mwisho, hata ya Mdigo.

Asubuhi ya usaili aliifanyia mazoezi hotuba yake mtaa wa Rashidiya, Dubai, sebuleni kwa mdogo wake Taib, muuza vipuri asiyejua kunyamaza.

"Hiyo propiska ndiyo nini, dada?"

"Kibali cha kukaa mjini. Huna, polisi wanakubeba."

"Si useme kipande tu, khalas. Yalla, utachelewa."

Jopo lilikaa kwenye ofisi moja mtaa wa Oud Metha. Mwenyekiti alikuwa profesa wa Tashkent, bibi wa makamo ambaye tangu asubuhi hakuwa ameonyesha jino. Mahfudha alianza vizuri, Kirusi kikimtiririka. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Mtu asiye na kipande," alisema, "hana mji."

Bwana mmoja aliyekaa pembeni akatabasamu kwa dharau. "Kipande? Hicho ni Kirusi cha wapi?"

Masikio yalimwaka kwa aibu. Angeweza kuomba radhi akaendelea, ila alikuwa amechoka kuomba radhi.

"Ni Kiswahili," alijibu. "Babu yangu alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati, enzi za mkoloni. Akikutwa bila hicho, jela. Serikali ikakifuta, babu asisadiki. Mpaka anakufa, akiona polisi alijipapasa kifua kuhakikisha kipo. Mwaka wangu wa kwanza Moscow, kwenye kituo cha treni, polisi wakipita, nilimwona mzee wa Kitajiki akijipapasa vivyo hivyo. Kazi yangu yote imetokana na mkono ule."

Hakuna aliyetabasamu. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Marehemu baba yangu naye alikuwa hivyo," alisema polepole. "Nilidhani ni moyo unamsumbua."

Jioni wakamwita wakampa utafiti, bila hata mmoja kupinga. Yule bwana wa pembeni alikuwa wa kwanza kumpa mkono, na Mahfudha, kwa kuwa alikuwa na furaha ya kuwatosha wote, akaupokea.

Taib alimngoja mlangoni Rashidiya.

"Wamekupa?"

"Wamenipa."

Taib akapiga vigelegele, mwanamume mzima, majirani wakachungulia. Kisha, maana hakujua kuacha utani, akauliza, "Haya niambie, Mdigo na Warusi, wapi na wapi?"

Mahfudha akajipapasa kifua.

"Hapa," alisema.