Makofi kwa Msichana wa Alhamisi

"Simama, mwanangu, watu wakuone," shangazi alisema, na kipaza sauti kikapiga ukelele.

Nilikuwa safu ya nyuma, nimebanana na rafiki yangu Chiriku kwenye kiti kimoja cha plastiki kwa kuwa viti havikutosha. Ukumbi mzima uligeuka. Shangazi, mwenyekiti wa kamati ya afya ya mtaa, alikuwa amevaa gauni aliloshona mwenyewe kwa ajili ya mkutano huo. Nikasimama.

"Huyu ni binti wa kaka yangu. Alhamisi alikwenda mwenyewe chumba cha vijana, pale zahanati. Hakusukumwa, hakushikwa mkono. Viongozi tuanze na nyumba zetu! Mpigieni."

Wakapiga kama alivyowafundisha: matatu ya haraka, kimya kidogo, kisha moja zito la pamoja. Katika kile kimya mwanamke mmoja akauliza, "Na alikwenda kutafuta nini, umri ule?" Ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi naye akacheka, akidhani watu wamefurahi. Chiriku alikuwa anapiga makofi pamoja nao, macho yake yametua sakafuni.

Semina ya kamati siilaumu sana. Kabla yake shangazi alikuwa fundi cherehani mwenye mdomo, basi. Watu wa semina wakamchukua yeye na wenzake wa kamati, wakawafundisha uongozi, na waliporudi kazi waliifanya, hilo sitamnyima. Walimganda mganga mkuu mpaka akatoa stoo ya zahanati, wakaipaka rangi kwa mikono yao iwe chumba cha vijana, wakaletewa nesi kijana asiyekunja uso. Lakini huko semina mtu aliwaambia kwamba kiongozi bora husifu hadharani, na katika yote waliyofundishwa, hilo ndilo lililomkaa shangazi. Alikuwa mtu wa kupenda kusifiwa. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu asiyependa.

Kamati ikaweka pia zamu ya kukaa mlangoni ili kuwakaribisha vijana. Alhamisi niliyokwenda mimi zamu ilikuwa ya kinyozi wetu, mtu mpole kabisa. "Karibu, binti, jisikie nyumbani," akaniambia, na jioni akampelekea shangazi habari njema.

Nilikwenda kwa ajili ya Chiriku. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuwa na breki mdomoni, ila wiki zile alikuwa amenyamaza, anatapika asubuhi nyuma ya kamba za nguo za mama yake aliyekuwa dobi. Mwanamume aliyempa mimba alikuwa ameshahama. Nikamwambia yupo nesi. Akasema, "Tangulia wewe. Ukirudi salama, Alhamisi ijayo naingia mimi."

Basi nikatangulia. Tumbo la mwezi lilikuwa linanisumbua kweli, sikuhitaji kudanganya. Nesi alifunga mlango, akanisikiliza, akanipa dawa, na nilipouliza kama rafiki yangu anaweza kuja na jambo kubwa kuliko langu akasema, "Aje. Likiingia humu halitoki." Nilimkimbilia Chiriku na maneno hayo. Alinikumbatia mpaka mbavu zikauma.

Jumapili shangazi akanisimamisha.

Tulipotoka ukumbini, Chiriku alinishika kiwiko. "Wewe una tumbo tu, wamekucheka vile. Mimi je?"

"Nesi hakusema kitu. Ni kinyozi."

"Mwenye kusema ni nani, kwangu yote mamoja. Siendi."

Jioni ile nilimfuata shangazi kwenye cherehani. Nikamwambia, "Shangazi, mtu akienda kule anataka iwe siri."

Hakuinua mguu kwenye pedali. "Siri ndiyo inayowaua, mwanangu. Tumefundishwa."

"Lakini wamenicheka."

"Watazoea. Wakishasimama wengi, nani atacheka?" Akakata uzi kwa meno. "Kuna mwenzako anayetaka kuja? Niambie, nimwandalie."

Nilimtazama usoni, na nilichokiona pale ni hamu. Ningemtaja Chiriku, angemsimamisha na yeye. Nikasema hakuna.

Shuleni wavulana walianza kunipigia nikipita: matatu ya haraka, kimya, moja zito. Chiriku alikuwa anatembea kando yangu, anasikia kila kofi. Alhamisi ikafika, nikamsubiri kwenye kona ya zahanati mpaka nesi akafunga dirisha. Hakutokea. Alikuwa ameshapata mtu wa kumuuzia vidonge kwenye kipande cha gazeti. Mama yake alimkuta juu ya rundo la mashuka ya watu, na akadhani mwanzoni kwamba ni shuka moja tu lililochafuka damu.

Msibani kamati ilikuja nzima, imevaa fulana zake za njano zenye maandishi kifuani: Afya ya Kijana, Jukumu Letu. Shangazi alilia machozi ya kweli. Nataka hilo lieleweke, maana ndilo linalonifanya nimchukie mpaka leo: hakuwa anaigiza.

Nilikuwa nagawa maji ya kunywa wakati mama yake Chiriku alipomshika shangazi mkono.

"Mwenyekiti, niambie ukweli. Mwanangu aliwahi kufika kule kwenu?"

Shangazi alitikisa kichwa. "Hakufika, mdogo wangu. Nasikitika. Angefika ningemjua. Angefika, hata yeye tungemsimamisha mbele za watu tukampigia."

Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshukuru, akasogea, akamwachia nafasi pembeni yake kwenye mkeka, na shangazi akaketi.