Mbuzi wa Masaka

Mzee Beda Luambano wa Lizaboni, Songea, hajakaa sawasawa kwenye kiti tangu mwaka wa sabini na tisa. Hukaa upande. Kanisani upande, kwenye bodaboda upande, na siku ya harusi ya mwanawe Raphael mpiga picha alihangaika naye weee, "Baba, nyooka kidogo, baba, nyooka," mpaka Lukresia, mkewe, akamwambia yule mtu aache kumsumbua mumewe, hapo ndipo keshanyooka. Ana kovu kwenye tako la kushoto, na ndani ya kovu kuna kichuma kinachomchoma kila mvua inapokaribia. Lukresia haangalii mawingu. Anamwangalia mzee anavyojigeuzageuza kwenye kiti, kisha anatoka kuanua nguo.

Kichuma hicho ni kipande cha bomu, na habari yake ni fupi. Beda alikuwa mgambo wa miaka ishirini na mmoja, wako vitani, kwenye kinamasi mbele ya mji wa Masaka, mabomu yanakuja. Mwenzake Bakili alikuwa ameshavunjika mguu, hawezi kukimbia wala kutambaa. Beda akamlalia, akamfunika mwili mzima. Bomu likapasuka na kumwachia Beda hiyo zawadi. Basi, hakuna zaidi.

Shida ni mahali lilipo kovu lenyewe. Mtu akiumia kifuani anaitwa shujaa. Akiumia nyuma, wenye midomo wanauliza alikuwa anaelekea wapi. Na mwenye mdomo kuliko wote pale Lizaboni ni Hironimus, kaka yake Lukresia, ambaye maishani hajawahi kushika hata manati. Kipaimara, posa, matanga, popote pale, Hironimus akishapata togwa kikombe cha pili lazima aulize, "Hivi shemeji, adui alikuwa mbele au nyuma?" Watu wanacheka. Beda anacheka nao, lakini akirudi nyumbani hali. Miaka arobaini na sita mtu anachekeshwa na kitu kinachomuuma, jamani, si mchezo.

Mtaniuliza, na huyo Bakili, si yupo hai? Si aseme? Yupo hai, tena mzima kama kigingi, analima korosho zake Namasakata, kule Tunduru. Ila Bakili ni Myao na Beda ni Mngoni, na hao ni watani. Mababu walipigana, wajukuu wakarithi kutukanana kwa raha zao. Mtani wa kweli hakusifu mbele yako hata umtoe kwenye mdomo wa simba. Akikusifu, ameshindwa. Na wewe ukikasirika, umeshindwa. Tangu siku walipoachana vitani, hawa wawili wanashindana, na hakuna aliyewahi kushindwa.

Kwa hiyo kila mwaka, korosho zikishauzwa, Bakili huja Lizaboni na mfuko wa korosho za kukaanga, hukaa uani, watoto wakamzunguka, naye huwasimulia alivyoumia babu yao.

"Sisi tuko mbele tunapigana," husema, "Mngoni huyu hayupo. Tunamtafuta, tunamwita, hayupo. Kumbe yuko nyuma ya nyumba ya mtu, ameinama, anamfungua mbuzi kamba! Na beberu naye yuko nyuma yake, anamtazama, anajiuliza, huyu jamaa mke wangu anampeleka wapi?"

Hapo Bakili husimama na kuigiza lile beberu, pamoja na mguu wake mbovu, na watoto hugaagaa chini kwa kicheko. Sasa niambieni, kati ya ukweli wa maneno matano na beberu kama hilo, nani angechagua ukweli? Lizaboni nzima ilichagua beberu.

Mwaka jana likatoka tangazo. Wale mgambo waliojeruhiwa vitani na hawakupata nishani, wajitokeze na vielelezo vyao. Bakili nishani yake aliipata zamani, kwa kuwa alilazwa na karatasi za hospitali zikabaki. Beda alishonwa juu ya turubai na mganga aliyekuwa na haraka, na karatasi hakupewa. Aliposikia tangazo redioni alizima redio, akamwita mkewe.

"Mama Raphael," alisema, "naitaka ile nishani."

"Uiweke wapi, nawe koti lenyewe huna?"

"Naitaka. Hironimus anizike akijua sikukimbia."

Lukresia hakutania tena. Alipiga pasi shati la kanisani.

Kwenye ofisi ya jeshi alimkuta Luteni Subira, binti wa Kipemba mwenye adabu zake, hana hata miezi mitatu Songea. Alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akamwangalia alivyokaa upande, akaandika kitu. Akauliza kama yupo shahidi. Beda akataja namba ya simu ya Bakili. Luteni akapiga, akaweka spika ili mzee naye asikie.

"Mzee Bakili, unamfahamu Beda Luambano?"

"Namfahamu sana. Yuko hapo?"

"Yupo, anakusikia."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtani anasikia! Bakili angefanyaje?

"Basi andika, mwanangu," ilisema simu. "Kapigwa pembe na mbuzi. Beberu. Jeusi. Andika na rangi, wasije wakamsingizia mbuzi mwingine."

Na Beda naye, badala ya kuruka na kusema si kweli, alicheka. Si utani huo? Mtani akikupiga vizuri unacheka, ndiyo heshima yake. Alicheka mpaka akapangusa macho, akisubiri binti naye acheke ili waendelee na kazi. Luteni hakucheka. Aliandika.

Barua ilikuja baada ya majuma mawili. Lukresia ndiye aliyeisoma, maana miwani ya Beda ilikuwa imekatika mkono. Ilisema ombi limekataliwa. Jeraha halikutokana na mapigano. Shahidi amethibitisha kuwa lilitokana na mbuzi, na mwombaji aliposikia hayo alicheka, hakukanusha. Asiporidhika, amlete shahidi mwenyewe ofisini ndani ya siku thelathini.

"Baba Raphael," alisema Lukresia, "mbuzi ameingia serikalini."

Safari hii Beda hakucheka. Alitoka nje akasimama karibu na banda la kuku, na roho ilimuuma vibaya. Maneno ya Hironimus angeyavumilia, Hironimus ni Hironimus. Lakini hii ilikuwa na muhuri. Akifa, hiyo ndiyo karatasi itakayobaki. Alichukua simu akampigia Bakili.

"Mtani, wameandika."

"Wameandika nini?"

"Mbuzi."

Beda alisikia majogoo ya Namasakata yakiwika kwenye simu.

"Na rangi?" aliuliza Bakili, kwa sauti ndogo.

"Na rangi."

"Astaghfirullah," alisema Bakili. "Nakuja kesho."

Alikuja kweli, kanzu safi, kofia ya kutarizi, nishani yake mwenyewe kaitundika kifuani. Njia nzima kutoka stendi mpaka ofisini hakutania hata neno moja, na Beda akaingiwa na hofu. Bakili asiyetania ni mgonjwa au ana msiba.

Luteni Subira alisoma faili, akaweka msahafu mezani. Bakili aliutazama, akamtazama Beda.

"Mtoeni kwanza huyu Mngoni," alisema.

"Mzee, ni haki yake kusikia."

"Mwanangu, ukitaka kweli, mtoe. Mimi na huyu mwaka wa arobaini na sita huu sijamwambia neno la maana. Akiwa amekaa pale ananitumbulia macho, ulimi wangu utakwenda kwa mbuzi wenyewe tu."

Beda akatoka, akakaa upande kwenye benchi la kibarazani. Hakuwa mtu wa kuchungulia, lakini dirisha lilikuwa la vioo, nalo lilimtazama yeye. Sauti haikupita. Alimwona Bakili ameweka mkono juu ya msahafu. Kisha akamwona anaongea, anaongea, mikono inakwenda. Kisha yule mzee, na kanzu yake nyeupe, na mguu wake mbovu, akajishusha taratibu sakafuni akalala kifudifudi, mikono kichwani. Akiwa chini hivyo hivyo akarudisha mkono nyuma akaonyesha mgongo wake, huku na huku, kuonyesha kilichokuwa juu yake siku ile. Luteni alikuwa amesimama, kalamu mkononi, haandiki.

Bakili aliinuka kwa shida. Akavua kofia, akajifutia macho kwa kofia.

Beda aligeuza uso upesi akatazama barabarani. Kwa miaka yote ile alidhani anataka Hironimus ajue, na Lizaboni ijue. Kumbe kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye alitaka kuhakikisha kwamba hajasahau, na mtu huyo hakuwa amesahau hata kidogo. Beda alipenga kamasi, akakaa vizuri, kwa kadiri yake.

Mlango ukafunguliwa.

"Umewaambia nini?" aliuliza.

"Nimewaambia mbuzi walikuwa wawili," alisema Bakili. "Twende ukaninunulie chai."

Nyuma yake alisimama Luteni Subira. Alimpigia Beda saluti, na mzee wa watu aliinuka akairudisha.

Nishani ilitoka mwezi wa saba. Walikuwa wengi siku hiyo, kwa hiyo walisoma majina tu, mtu anaitwa, anavishwa, anapigiwa makofi, anapita. Hakuna aliyesoma nani aliumia wapi na kwa nini. Lukresia alipiga vigelegele mpaka mstari wa mbele ukageuka.

Nyumbani walipika. Raphael alileta soda, majirani walileta viti, na Bakili akashuka kutoka Tunduru akikokota, mtanisamehe, beberu jeusi. "Nimemleta aliyestahili," alitangaza mlangoni. Kabla watu hawajamaliza kucheka, alikuwa keshaivua ile nishani kifuani kwa Beda na kumfunga mbuzi shingoni kwa utepe wake. Lukresia alimfukuza Bakili uani kwa mwiko mpaka akairudisha. Mbuzi mwenyewe alikwenda jikoni asirudi.

Walipokwisha kula, Hironimus alisimama na kikombe chake. Kilikuwa cha tatu.

"Shemeji, hongera," alisema. "Nishani tumeiona, inang'aa. Ila wakubwa hawakutusomea habari yenyewe. Leo utuambie mwenyewe, mbele ya watu, ilikuwaje?"

Raphael aliweka soda chini. Lukresia alimtazama mumewe kwa macho ya kusema, haya, sema sasa, siku yako ndiyo hii. Beda alisimama. Maneno alikuwa nayo, matano, tayari mdomoni, na safari hii yalikuwa na muhuri wa serikali. Akamtafuta Bakili kwa macho. Bakili alikuwa ameinamisha kichwa juu ya sahani, anachezea mfupa, na masikio yake yamesimama kama ya mtu anayesubiri kuchapwa.

Beda akamwonea huruma. Tena akajiona, kwa kweli kabisa, hana njaa ya maneno yale tena. Alikuwa ameshashiba siku ile dirishani.

"Nitawaambia," alisema. "Wenzangu walikuwa mbele wanapigana. Mimi nikaona nyumba, nyuma ya nyumba nikaona mbuzi. Nikainama nimfungue kamba. Kumbe beberu..."

Kicheko kilipasuka uani. Hironimus alijipiga paja. Beda akaendelea, akaonyesha alivyoinama, alivyoshika kamba, akatia na mlio wa beberu.

"Mwongo!"

Sahani ilianguka. Bakili alikuwa amesimama, kidole kimenyooka, midomo inamcheza.

"Mwongo mkubwa wewe! Mbuzi gani? Mbuzi gani, Beda? Mguu wangu ulikuwa umekatika nusu, wote walikimbia, wote, na mimi nikakwambia kimbia. Sikukwambia kimbia? Ukanilalia! Ukanifunika kama mtoto, nikalisikia lile bomu likiingia mwilini mwako, nikakusikia unasali Salamu Maria sikioni mwangu, na hukutoka! Watoto wangu saba, wajukuu ishirini na mmoja, wote wametoka chini ya tumbo la Mngoni huyu! Hakuna mwanamume kama huyu, wallahi, kuanzia hapa mpaka Namasakata!"

Hakuna aliyecheka. Hironimus alikaa chini polepole, akaweka kikombe kando, na mpaka watu wanatawanyika hakukigusa tena. Lukresia alijifunika uso kwa kanga. Bakili alibaki amesimama, anahema, kisha akaona watu wote wanavyomtazama, akaona anavyotazamwa na Beda, na pole pole akaelewa alichokifanya.

Beda alimkaribia, akamshika bega. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye hakuyafuta.

"Mtani," alisema, "umenisifu."

"La hawla," alisema Bakili.

"Mbele ya watu."

"Nimeshindwa," alisema Bakili, akaketi. "Arobaini na sita, Mngoni, na umenishinda kwa mbuzi wangu mwenyewe."